Misumari ya Fundi Waride

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, shambani, au ndani ya basi pale Ikwiriri mnangoja abiria wajae, vuteni redio karibu. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Tunamkumbuka fundi cherehani. Jina lake Waride binti Yussuf. Fundi Waride wa Kibiti.

Ngojeni kwanza, maana najua mmeshaanza kucheka. Fundi cherehani! Nani asiyewajua? Unampelekea kitambaa mwezi mzima kabla ya harusi. Anakupima, anakuchekea, anakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi unaambiwa kesho. Kesho unaambiwa imebaki vifungo tu. Unachungulia chini ya meza, unakiona kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta, hata mkasi hakijauona. Wangapi humu mmekwenda harusini na nguo ya kuazima? Msinyooshe mikono, siwaoni.

Basi Waride hakuwa fundi wa namna hiyo. Waride akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Mvua inyeshe, umeme ukatike, Alhamisi unakuta nguo yako imepigwa pasi, imekunjwa, inakungoja wewe. Wiki mbili zilizopita tulimzika. Na mji wetu umeondokewa na kitu kisichouzwa sokoni. Umeondokewa na mtu ambaye siku yake ilikuwa siku.

Waride alizaliwa Mbwera, kule kwenye delta, mikoko mbele na mikoko nyuma. Baba yake, Mzee Yussuf, alikuwa nahodha wa mashua ya kuvusha watu na mizigo kwenda Nyamisati. Alipomaliza darasa la saba, binti aliletwa Kibiti kwa shangazi yake ajifunze kazi ya mikono. Shangazi akampeleka kwa Mzee Sajjad.

Wakubwa mnamkumbuka Mzee Sajjad. Duka la vitambaa mbele, cherehani barazani, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa hodari wa kukata, wasikilizaji. Anakutazama unavyotembea, anajua bega lako lipi limeshuka. Lakini kauli yake ilikuwa moja: "Kesho, dada. Kesho, inshallah." Kabati lake lilijaa vitambaa vya watu waliokwisha kukata tamaa. Waride akajifunza kwake kupima, kukata, kutia pindo na kuunda kola. Na ile kesho nayo akajifunza palepale, bila hata kujua kwamba anajifunza.

Akanunua cherehani yake ya miguu, akakodi kibaraza karibu na soko. Ramadhani yake ya kwanza akiwa fundi anayejitegemea, watu walimiminika. Na yeye alimpokea kila mtu. Aliona vibaya kukataa. Mama mtu mzima amekuja na kitambaa mkononi, utamwambiaje hapana? Kila aliyekuja aliambiwa, "Kabla ya Idi, mama, usiwe na wasiwasi."

Na hapa, wasikilizaji, ndipo alipofanya kosa ambalo sisi wa huku peke yetu ndio tunaweza kulifanya. Alipiga hesabu ya funga thelathini. Akajiambia, hizi za leo, hizi za kesho, na zile chache za mwisho nitazishona ile siku ya thelathini. Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa akafungua kwa uji na tambi, akakaa kwenye cherehani. Redio ikatangaza. Mwezi umeonekana. Watoto wakatoka mitaani wanapiga madebe. Kesho Idi! Mji mzima unashangilia, na Waride amekaa na mkasi mkononi na vitambaa havijaguswa.

Asubuhi alikwenda kuswali Idi uwanjani. Alivaa gauni jipya. Alijishonea mwenyewe mapema, wiki ya kwanza ya mfungo, wakati bado ana nafasi. Akiwa kwenye safu za wanawake akamwona Shufaa, binti mdogo wa Bi Mashavu. Watoto wote wamevaa mapya, wamepakwa hina, wanajigeuzageuza waonekane. Shufaa amevaa sare ya shule.

Bi Mashavu mwenyewe yupo, mzima wa afya, na alikubali kutueleza. Msikilizeni: "Sikumgombeza. Ningemgombezaje siku ya Idi? Nilimvalisha mwanangu sare kwa sababu ndiyo nguo pekee isiyokuwa na kiraka. Waride akanitazama, mimi nikalitazama gauni lake. Basi. Lakini wallahi angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile."

Waride alirudi nyumbani akalivua lile gauni. Hakula pilau. Siku nzima ya Idi, watu wanatembeleana, yeye anakanyaga cherehani. Alasiri akampelekea Shufaa nguo yake. Bi Mashavu aliipokea mlangoni, akasema ahsante, hakumkaribisha ndani. Mnajua nyumba zetu. Siku ya Idi mtu asikaribishwe ndani!

Watu wengine aibu huwapita kama mafua. Waride hii ilimkaa. Siku chache baadaye akaenda Mbwera kuwasalimu wazazi. Akakaa ufukoni, anamtazama baba yake akipakia watu. Maji yalikuwa yamejaa, mashua imeshuka, ukingo unakaribia kugusa maji. Mzee Yussuf akanyoosha mkono akasema, "Chombo kimejaa." Waliobaki wakakaa juu ya mizigo yao kungoja maji mengine. Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyesema nahodha ana maringo.

Bwana Mfaume, mume wa marehemu, anasema mkewe alikuwa akiisimulia siku ile mara kwa mara. "Aliniambia, watu hawagombani na nahodha kwa sababu kila mmoja anaona kwa macho yake kwamba chombo kimejaa. Sasa mimi fundi nani anaona nimejaa? Wananiona nimekaa kwenye kiti, wanadhani nina nafasi."

Aliporudi Kibiti alipitia dukani akanunua misumari.

Wasikilizaji wapendwa, mliowahi kufika kwenye kibaraza kile mnaujua ule ukuta. Misumari imepangwa mistari, mstari mmoja wiki moja. Juu ya kila msumari siku imeandikwa kwa chaki ya fundi. Msumari mmoja, kazi ya siku moja. Ukija na kitambaa, Waride hakwambii chochote. Anakuelekeza ukutani. Msumari uliojaa, umejaa. Mtupu, ni wako, tundika mwenyewe kwa mkono wako. Gauni la harusi linakula misumari kadhaa, suruali ya shule inashiriki na mwenzake. Na kila wiki kulikuwa na msumari mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Huo ulikuwa wa dharura. Mtu akiugua, msiba ukitokea, cherehani ikigoma, kazi ya siku hiyo inahamia pale.

Na Ramadhani? Misumari ya Ramadhani iliishia mfungo wa ishirini na saba. Baada ya hapo ukuta mweupe. Mwezi uandame mapema, usiandame, nguo zimeshatoka.

Palikuwa na pazia pia. Asubuhi pazia limeshushwa, Waride anakata. Hata uje na habari kwamba nyumba ya jirani inaungua, utaambiwa, "Baada ya adhuhuri, dada." Akishaswali adhuhuri anapandisha pazia. Hapo sasa kupima, kupokea, kucheka, na umbea wote wa Kibiti na Bungu mnamaliza pale kwenye benchi. Alikuwa anapenda umbea, marehemu, tusimsingizie utakatifu. Ila umbea nao alikuwa ameupangia wakati wake.

Mji ukazoea. Mpaka maneno yakaingia vinywani mwa watu. Mtu akitaka kuonana na mwenzake anamwuliza, "Una msumari lini?" Vijana wa bodaboda wakiitwa na wateja wawili wanasema, "Nimejaa, sina msumari." Ninyi mnaosema hivyo, sasa mmejua yalikotoka.

Bwana Mfaume huuza kamba wakavu, na kwa kuchelewa hana mpinzani, anakiri mwenyewe. Anasema, "Mimi nilipeleka posa, wazee wakakubali. Nikataka tuoane wiki ileile. Mchumba wangu akageuka akautazama ukuta! Akaniambia nguo za watu hazijesha. Nikangoja. Nimeoa kwa foleni mimi, kama kitambaa."

Si kila mtu alicheka, lakini. Mwaka mmoja, Idi imekaribia, gari jeupe lilisimama mbele ya kibaraza. Akashuka mama mmoja mkubwa, mume wake ana cheo, kitambaa chake kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Waride akamwelekeza ukutani. Yule mama akasema hakuja kutazama kuta. Waride akasema, kwa adabu yote, "Mama yangu, misumari ya Idi hii imekwisha. Ya Idi kubwa yote mitupu, chagua unaoupenda." Mama akatishia, mama akataja majina ya watu. Waride akanyanyuka, akashika nguo moja iliyotundikwa. "Hii ni ya mtoto wa muuza vitumbua. Nikiitoa hii niweke yako, wewe mwenyewe ndiye utakayemwambia mama yake." Gari jeupe likaondoka. Kwenye Idi kubwa, wasikilizaji, likarudi, na mama akatundika kitambaa chake mwenyewe.

Sasa tunafika penye uzito.

Miaka michache nyuma Waride alimpokea mwanafunzi, binti anayeitwa Faudhia. Mungu hakumjalia Waride mtoto wa kumzaa, na Faudhia akawa wake. Akamfundisha kushona kila kitu. Kukata alikuwa bado. Mafundi mnajua, kukata hutoi upesi, maana mshono uliokosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Na siku Faudhia alipoposwa, Waride alisema mbele ya watu wote kwenye benchi, "Gauni la huyu nitalishona mimi. Asiliguse mtu." Harusi ikapangwa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani.

Kisha figo zikaanza kumsumbua. Akawa anakwenda Dar es Salaam kusafishwa damu, anarudi na basi la mchana, uso umevimba, miguu imevimba. Daktari alimweleza ukweli na yeye aliuomba ukweli. Nguvu zitapungua. Hazitarudi.

Bwana Mfaume anakumbuka siku aliyorudi na habari hiyo. "Nilikuwa uani, nyuma ya kibaraza, nageuza kamba. Nikasikia nyundo kibarazani. Nikafurahi, nikasema mama anaongeza misumari, amepata nafuu. Nikaenda kumtazama. Kumbe anang'oa."

Anang'oa, wasikilizaji. Nusu ya kila mstari aliing'oa. Hakuwadanganya watu kwamba yeye ni yule wa jana. Waliokuwa wametundika pale aliwafuata mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine kwa miguu yake ile iliyovimba. Akawaambia, "Yako naiweza. Yako siiwezi, nimekutafutia fundi mwingine, na kitambaa chako hiki hapa." Nguo haijachelewa hata moja. Watu wanaambiwa mapema, wakati bado wana pa kwenda.

Akabaki Faudhia.

Faudhia yuko nasi hapa studio. Amekuja na khanga ya marehemu mabegani. Faudhia mwanangu, hebu tuambie ilivyokuwa.

"Aliniita baada ya adhuhuri, pazia akalishusha tena. Akasema, Faudhia mwanangu, gauni lako sitolishona. Mimi nikadhani anatania. Nikamwambia, Mwalimu, umeshonea mji mzima, umeshonea mpaka wa gari jeupe, mimi ndiye unayenikatalia? Akasema, sikiliza. Nguvu niliyonayo inatosha jambo moja. Nikushonee gauni utakalolivaa siku moja, au nikufundishe kukata ukate maisha yako yote. Mambo mawili siyawezi. Nimechagua. Hapo wewe, mtangazaji, usingekasirika?"

Na ulikasirika?

"Nilikasirika sana. Niliondoka nalia, sikurudi siku kadhaa. Niliona ameniahidi mbele ya watu, halafu ananiacha."

Wasikilizaji, mtazameni Waride katika zile siku. Maisha yake yote hajavunja ahadi tangu ile Idi. Sasa amevunja moja, kwa hiari yake, tena ya mtu anayempenda kuliko wote. Na siku zinakwenda. Na zile siku hazina msumari wa dharura. Bwana Mfaume anasema alikuwa anakaa kwenye kiti chake anatazama barabara, mkasi uko mapajani. Mume akimwambia apumzike, anajibu, "Nampumzikia nani? Mtu wangu hajaja."

Asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, Faudhia akaingia. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Nimekuja kukata."

Waride akamwambia, "Umenipotezea siku. Shika mkasi."

Wakaanza na karatasi za mifuko ya saruji. Kisha mashuka ya zamani. Waride amelala kwenye jamvi, mgongo umeegemea ukuta, anaelekeza kwa kidole na kwa macho. Zile siku anazotoka kusafishwa damu, sauti haitoki, anagonga jamvi mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Siku Faudhia alipokata kitambaa chenyewe cha harusi, mkasi uliteleza kwenye mkono wa kushoto. Kitambaa kikaharibika. Faudhia akaangua kilio. Waride akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema maneno ambayo Faudhia anasema hatoyasahau: "Kosea sasa hivi, mama, mimi nikiwepo. Baadaye utamwuliza nani?"

Kipande kingine kikatafutwa. Mkono ukakatwa upya. Mfungo Pili ukafika. Waride alibebwa kwenye kiti mpaka harusini, amejitanda khanga mpya, wanja machoni. Bibi harusi akatoka. Vigelegele vikapigwa, na wanawake wakamgeukia Waride kumpongeza: fundi, hii kazi yako tumeijua. Waride akainua mkono, akawanyamazisha. Akasema kwa sauti aliyokuwa nayo, "Si yangu. Hiyo kaikata Faudhia mwenyewe, tangu kola mpaka pindo."

Bega la kulia lilikuwa limeinuka kidogo. Bwana Mfaume anasema mkewe aliliona tangu mlangoni, akamnong'oneza, "Usimwambie mtu." Machozi yanamtoka na meno yote yako nje. Alikuwa na fahari, wasikilizaji. Sijui kama nimewahi kuona mtu ana fahari namna ile kwa nguo yenye kasoro.

Fundi Waride alifariki asubuhi ya Jumatano, nyumbani kwake Kibiti, mumewe akiwa pembeni. Tukamzika siku ileile baada ya alasiri. Watu walitoka Mbwera, Nyamisati, Bungu, Utete, Ikwiriri. Wengi walikuja wamevaa kazi ya mikono yake.

Na sasa niwaambie lililotokea kwenye tanga. Kesho yake, Alhamisi, wanawake wamejaa chumbani, wamekaa kwenye majamvi. Kisomo kimekwisha. Kutoka Bungu amekuja Bi Mwamini, amekuja kutoa pole tu, anamlilia rafiki yake. Faudhia akamwona. Akanyanyuka, akatoka nje. Alirudi na nguo mkononi, imepigwa pasi, imekunjwa. Akapiga magoti mbele ya Bi Mwamini, akasema, "Shangazi, yako ilikuwa ya leo."

Mama mmoja mtu mzima akakemea, "We mtoto, msibani? Nguo za biashara msibani? Huna haya?" Faudhia akabaki na mikono imenyooka, hajui aiweke wapi ile nguo. Na Bi Mwamini naye anaogopa kuipokea.

Bwana Mfaume alikuwa upande wa wanaume, nje ya dirisha. Alisikia yote. Akasema kwa sauti, na kila mtu alisikia: "Mpokee, Bi Mwamini. Leo ni Alhamisi. Nguo ikilala humu ndani, mke wangu hatonisamehe."

Bi Mwamini akaipokea. Akaifunua, akapitisha kidole kwenye kola, kwenye mkono, kwenye pindo. Akauliza, "Nani kaikata?" Faudhia akasema, "Mimi." Bi Mwamini aliiweka kifuani akaikumbatia, na vilio vikaanza upya chumba kizima. Hata yule aliyekemea akajifuta macho.

Kwa niaba ya redio yenu, natoa mkono wa pole kwa Bwana Mfaume, kwa Faudhia, kwa ukoo wote wa Mzee Yussuf kule Mbwera, na kwa mafundi wote wa Kibiti. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema Fundi Waride, amtanulie kaburi lake, amlipe kwa kila siku aliyoitimiza.

Nasi tuliobaki tujitazame. Yupo mtu umemwambia kesho. Unamjua. Inawezekana ananisikiliza sasa hivi, naye anakufikiria wewe. Usimwongezee kesho nyingine. Kama unaliweza jambo lake, mpe siku yake uitimize. Kama huliwezi, mwambie leo, akiwa bado ana pa kwenda. Tukiweza hilo moja tu, marehemu tutakuwa tumemuenzi.

Bado jambo moja, mimi Husseini ndipo niwaache. Kilio kilipotulia pale chumbani, mama mmoja kwenye kona aliuliza, taratibu, kama anayeona aibu, "Mwanangu Faudhia, na ile yangu ya Jumamosi?"

Faudhia akamjibu, "Njoo tu, mama."

Jumamosi alikwenda. Aliikuta.